Mafuta ya Namba Tano

Jumatatu asubuhi, mbele ya majirani waliokuwa wakichota maji na wengine wakipiga mswaki vizingitini, gari la Bwana Bora lilisaga meno. Lilikuwa limetoka uani kwa gia ya kwanza bila neno. Lakini alipokanyaga klachi ili aingize ya pili, ndani ya giaboksi kulitoka mlio kama wa mtu anayeburura kitanda cha chuma juu ya sakafu ya saruji. Mshona viatu, ambaye kibanda chake kilitazamana na lango, aliinua uso kutoka kwenye soli aliyokuwa akiigonga.

"Bwana Bora!" akaita. "Unakwenda kazini au umefungua mashine ya kusaga?"

Bwana Bora alipandisha kioo cha dirisha, ingawa jua lilikwisha kuwa kali, akatazama mbele kwa utulivu wa mtu ambaye hakusikia kitu. Alipofika kwenye kona akaingiza gia ya tatu. Kitanda kikaburutwa tena, na safari hii watoto wake wawili, waliokuwa wakielekea shule kwa miguu, wakaiga mlio ule kwa vinywa vyao hadi wakachekana.

Jina la Bora alikuwa amepewa na mtaa mzima. Mtu huyu hakuwahi kununua kitu, awe ananunua wembe, misumari au sabuni ya kufulia, bila kuuliza, "Ipi iliyo bora?" Akionyeshwa, huuliza tena, "Hakuna inayoipita hiyo?" Na kama ipo, huichukua, akarudi nyumbani akiishikilia mbele yake ili wapitao waisome. Mkewe, aliyekuwa mgawa dawa katika zahanati, alikwisha kuchoka kumweleza kwamba wembe wa bei kubwa na wembe wa bei ndogo hukata ndevu zile zile.

Sasa juma lenyewe halikuwa juma la mzaha. Alhamisi, saa tatu asubuhi, Bwana Bora alitakiwa kufika kwa Mama Tanuri, mwenye kiwanda cha mikate, ambaye alikuwa akitafuta gari la kusambazia mikate madukani kila siku. Kwa miaka miwili gari lilikuwa likiokoteza kazi: leo mchanga, kesho kabati la mtu anayehama, na siku tatu zinazofuata linalala uani likinyewa na kuku. Nyumba ilikuwa ikila kwa mshahara wa zahanati. Mkewe hakuwahi kulitamka jambo hilo hata siku moja, na Bwana Bora angeona nafuu kama angelitamka.

Lakini Mama Tanuri hakuwa akiajiri dereva kwa maneno. Alikuwa na kipimo chake. Huoka keki ya ghorofa tatu, akaipaka sukari nyeupe, akaiweka nyuma ya gari juu ya sinia tupu, bila kuifunga wala kuifunika. Kisha huketi kando ya dereva, wakashuka hadi darajani, wakapanda mlima wa hospitali, wakarudi. Keki ikirudi nzima, dereva amepata kazi. Ikipata ufa, dereva huondoka nayo akaile nyumbani kwake, maana Mama Tanuri hakupenda chakula kitupwe. Madereva watatu walikwisha kupita mtaani wakiwa na keki mapajani, na kila mtu aliyewaona alielewa.

"Mimi nimekwisha kuosha sahani," alisema mama yake Bwana Bora jioni ile, alipousikia mlio wa gari likirudi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko fimbo yake. "Keki ya ghorofa tatu sijaila tangu harusi yako, na ile nayo walinipa kipande cha pembeni."

"Mama, unaniombea nishindwe?"

"Nani kaomba? Mimi nasikiliza tu gari linavyosema."

*

Jumanne Bwana Bora alipeleka gari kwa Fundi Maswali. Gereji yake ilikuwa banda la mabati lenye sakafu nyeusi, na ukutani spana zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule asubuhi. Fundi huyu alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wenye haraka. Hagusi spana kabla hajauliza maswali, na majibu yote huyaandika kwa chaki juu ya mlango wa gari la mteja, upande wa dereva. Chaki hiyo haifutwi mpaka gari litembee juma zima bila lawama. Alisema kwamba watu wengi hudanganya kwa mdomo, lakini wachache huweza kuendesha gari mtaani huku uongo wao umeandikwa ubavuni.

"Linalia gia zipi?" aliuliza.

"Ya pili na ya tatu. Ya nne kidogo."

Fundi akaandika. Akaingia ndani, akakanyaga klachi mara kadhaa, akasikiliza, akatoka. "Klachi inakata vizuri. Limeanza lini?"

"Jumapili. Jana likazidi."

"Na kabla ya Jumapili uligusa nini?"

Bwana Bora alijikuna shingo. "Nilibadilisha mafuta ya gia. Jumamosi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Si uliniambia yamezeeka?"

"Nilikuambia. Nikakuambia na namba." Fundi aliinua chaki. "Uliweka namba ngapi?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa tarakimu moja. Lakini Bwana Bora aliona Jumamosi nzima ikipita mbele ya macho yake. Fundi alikuwa amemwandikia kwenye karatasi: GL-4, uzito 80W-90. Muuza vipuri akamwekea madebe mawili juu ya meza, yote ya uzito ule ule; moja limeandikwa nne, la pili tano, na hilo la namba tano lilikuwa jekundu lenye herufi za dhahabu na bei yake ilikuwa imepanda ngazi. "Tofauti yake nini?" aliuliza. Muuzaji, aliyekuwa akila karanga, alisema, "Tano ina nguvu zaidi." Bwana Bora akageuka kwa wateja wenzake na kusema kwa sauti, "Kama tano ipo, nani anunue nne?" Na wateja wakatikisa vichwa kwa heshima. Alitoka dukani amelikumbatia lile debe jekundu kama kikombe cha mashindano.

"Nne," alisema Bwana Bora.

Fundi akaandika mlangoni: *Mafuta: 4*. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaitazama orodha yake, na uso wake ukaingia huzuni ya kikazi.

"Basi, ndugu yangu, kama klachi ni nzima na mafuta ni hayo, pete za shaba zinazolinganisha gia zimekwisha. Giaboksi lazima ishuke."

"Ishuke? Kwa siku ngapi?"

"Kuishusha ni kesho. Pete za gari lako haziko hapa, ziagizwe. Sema juma moja. Zikichelewa, juma na nusu."

"Fundi, keshokutwa nina Mama Tanuri!"

"Keshokutwa utamwendea kwa baiskeli," alisema Fundi. "Ila sijui keki utaifunga wapi. Nenda nalo nyumbani usiku huu, uniletee asubuhi mapema. Saa mbili nafungua bolti ya kwanza."

Bwana Bora aliendesha gari kurudi kwake likiburura kitanda chake, na mlangoni, kwa mwandiko mzuri wa fundi, ile nne nyeupe ikiwasalimu watu wote njiani.

*

Mkewe alipotoka zahanati jioni hiyo alimkuta mama mkwe wake ameketi ukumbini, amefunika pua kwa upande wa kanga.

"Mkwe wangu, wewe ni mtu wa dawa. Njoo uniambie ni nini kimefia chumbani mwangu."

"Kimefia, mama?"

"Tangu Jumamosi. Harufu ya mayai viza. Nimetazama chini ya godoro, nimetoa hata viatu vya marehemu baba mkwe wako. Sina yai mimi."

Mkewe akaingia, akanusa, akainama. Chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, debe jekundu lilikuwa limelala limevishwa shati kuukuu. Akalitoa hadi dirishani kwenye mwanga, akavaa miwani yake na kuanza kulisoma, kama anavyosoma kila chupa inayopita mikononi mwake kazini: kwanza maandishi makubwa, ambayo ni ya kuuzia, kisha maandishi madogo, ambayo ni ya kutibia.

Bwana Bora alipotokea mlangoni na kumwona katika hali ile, alijua kwamba kikao kimekwisha kufunguliwa.

"Baba Watoto," alisema mkewe bila kuinua macho, "mlangoni pa gari pameandikwa nne."

"Hmm."

"Hili debe ni tano."

"Ni kubwa kuliko nne," alisema Bwana Bora, na papo hapo akatamani angekuwa amekaa kimya.

"Sikiliza. 'Kwa difu. Isitiwe katika giaboksi yenye pete za shaba ila kwa ruhusa ya mtengenezaji wa gari.' Hapa, chini ya picha ya simba. Uliyasoma haya?"

"Niliyasoma ya juu."

"Ya juu yanasema 'Nguvu ya Simba'." Mkewe akavua miwani. "Juzi alikuja mtu zahanati anataka dawa ya macho. Nikampa. Akaniuliza kama hakuna kali zaidi. Nikamwambia ipo, ile ya kuoshea vidonda, ni kali sana. Akaitaka. Unajua nilimfanyaje?"

"Ulimfukuza."

"Nilimkalisha nikamweleza, kama ninavyokueleza wewe. Namba si cheo, mume wangu. Tano si mkubwa wa nne. Hiyo ni dawa ya kiungo kingine."

Mama mtu, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alichungulia. "Kwa hiyo ndilo lililokuwa likinuka? Mwanangu, umenilaza siku tatu na simba aliyeoza?"

"Nilitaka kulihifadhi mahali salama, mama."

"Salama kwa nani?"

Mkewe alisubiri mama atoke, akaketi ukingoni mwa kitanda. Sauti yake ilishuka. "Kesho saa mbili fundi anafungua giaboksi kwa sababu ya ile nne uliyomwambia. Akishaifungua, Alhamisi imekwenda, na Mama Tanuri hatasubiri. Mimi sitakwenda kumwambia. Si mdomo wangu uliosema, wala chaki si yangu. Ila nikuambie jambo moja." Akamtazama. "Miaka miwili sijakuuliza kitu kuhusu gari. Sikuuliza kwa sababu nilijua utaniambia ukweli hata ukiwa mbaya. Usinifanye nianze kuuliza."

Akaondoka kwenda jikoni. Bwana Bora alibaki na simba, wakitazamana.

*

Jumatano, ilipobaki dakika kumi kutimia saa mbili, gari lilikuwa limepandishwa juu ya vigogo na Fundi Maswali alikuwa amelala chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana. Karibu na miguu ile kulikuwa na wateja wawili wanaosubiri, na mmoja wao, kwa bahati mbaya ambayo Bwana Bora aliiona kuwa ya kukusudiwa, alikuwa yule mshona viatu na pikipiki yake.

Bwana Bora alisimama na debe jekundu mikononi. Safari hii hakulishikilia mbele. Alilishika kwa nyuma, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Fundi."

"Subiri, nimekwisha kuishika bolti."

"Fundi, usiifungue. Si nne."

Fundi akajiburura kutoka chini, uso wake ukatokea, akamtazama kutoka sakafuni.

"Si nne nini?"

"Si nne mafuta. Ni tano." Akalitoa debe kutoka mgongoni. "Niliona ni ghali zaidi, nikadhani ndiyo bora. Nikaona haya kukuambia, kwa sababu wewe ulikuwa umeniandikia."

Mshona viatu alifungua mdomo. Fundi akamnyooshea spana bila kumtazama, na mshona viatu akaufunga. Fundi akainuka taratibu, akachukua chaki, akampa Bwana Bora.

"Andika mwenyewe."

Bwana Bora akapiga mstari juu ya nne, akaandika tano kando yake. Mkono wake haukuwa na mwandiko mzuri kama wa fundi.

"Sasa njoo uone," alisema Fundi, na sauti yake haikuwa na hasira. Kutoka kwenye rafu alileta pete moja ya shaba, yenye meno madogo pembeni, na gia kuukuu. Akaivalisha pete juu ya shingo ya gia. "Unapobadilisha gia, gia hii inazunguka kasi na mwenzake inazunguka polepole. Zikikutana hivyo hivyo, zinagongana meno. Kazi ya pete ni kushika, kuipunguza kasi hii mpaka ilingane na ile, ndipo ziingiane kwa adabu. Haya, zungusha. Ishike."

Bwana Bora akaizungusha gia, akaibana pete; gia ikasimama. Fundi akaidondoshea tone kutoka kwenye debe jekundu.

"Ishike tena."

Pete ikateleza, gia ikaendelea kuzunguka mkononi mwake.

"Pete yako haijafa," alisema Fundi. "Umeipaka utelezi ukaiambia ishike. Na ungeendelea miezi, ile dawa iliyomo humu, hiyo inayonuka, ingeanza kuila shaba yenyewe. Hapo ndipo ningeishusha giaboksi kwa haki."

"Basi kwa nini wanauza sumu?"

"Nani kasema sumu? Difu yako, ile inayozungusha magurudumu huko nyuma, haina pete. Meno yake yanabanana na kuteleza kwa pamoja, kwa uzito wote wa gari. Mafuta yenye nguvu ndogo yangefinywa yakatoka, chuma kikabaki kinalana na chuma. Pale tano ndiyo mahali pake. Imebaki kiasi gani?"

"Karibu nusu ya debe."

"Inatosha difu, na difu yako nayo ilikuwa inadai mafuta. Kalete debe la nne, bwana mkubwa. Wakikuuliza dukani kwa nini umeshuka ngazi, uwaambie."

Bwana Bora akaenda. Muuza vipuri alikuwa bado na karanga zake, na wateja wa Jumamosi wawili walikuwepo. Mmoja akasema, "Mzee wa tano, karibu!" Bwana Bora akaagiza nne, kwa sauti ile ile aliyoagizia tano, akawaeleza habari za pete ya shaba mpaka muuzaji akaacha kutafuna. Ilimchukua robo saa. Fundi alipomwona akirudi alikuwa tayari amefungua bolti ya juu, ya kujazia.

"Kwanza ya kujazia," alisema, "ndipo ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, kisha ya juu ikagoma, utabaki na gari lenye kiu na mdomo uliofungwa."

Mafuta ya simba yakashuka ndani ya beseni, na katika mwanga yakaonyesha chembe chache zinazometa, kama vumbi la dhahabu. Fundi akaichovya ncha ya kidole. "Hizo ni pete zako. Chache. Umewahi." Alitia nne mpaka ikachungulia kwenye tundu la kujazia, akafunga. Kisha akatia tano kwenye difu. Alipomaliza akamkabidhi chaki tena, na Bwana Bora akaandika nne ya pili, baada ya ile nne iliyokatwa na ile tano.

"Usifute," alisema Fundi. "Juma zima. Na kesho, kabla ya kupanda mlima, liache lipate joto. Ukishuka gia, pumzika kidogo katikati. Hesabu moja, mbili. Pete zimechubuka, zistahi."

*

Mama Tanuri alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye unga hadi kwenye nyusi. Aliiweka keki juu ya sinia kwa mikono yake mwenyewe, nyeupe, ghorofa tatu, na kileleni ua dogo la sukari. Kabla ya kupanda, alisimama kwenye mlango wa dereva akasoma.

"Nne, tano, nne. Haya ni mahesabu ya nini?"

"Ni ya fundi, mama. Nitakueleza tukirudi."

"Madereva wengi huniambia hivyo," alisema Mama Tanuri, akapanda.

Walishuka hadi darajani. Gia ya pili, ya tatu. Bwana Bora alisikiliza kwa kiganja, kwa nyayo, kwa meno yake mwenyewe aliyoyabana. Hapakuwa na kitanda. Chini ya mlima wa hospitali alishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, na katikati midomo yake ikatikisika: moja, mbili. Gia ikaingia kama droo iliyopakwa nta. Walipanda, wakageuza, wakarudi. Njia nzima Mama Tanuri alikuwa ameweka mikono mapajani, sikio lake moja liko nyuma.

Uani kwake akashuka, akaizunguka keki polepole, akainama na kuitazama kila ghorofa kwa jicho moja. Haikuwa na ufa. Ua la sukari lilikuwa limesimama.

"Jumatatu gari hili lilipita chini ya dirisha langu," alisema, angali ameinama. "Nikamwambia binti yangu, huyu wa Alhamisi ataondoka na keki. Sasa nieleze hizo hesabu."

Bwana Bora angeweza kusema kwamba gari lilikuwa na hitilafu na fundi ameitengeneza, na lisingekuwa neno la uongo. Akaliacha neno hilo.

"Nne ya kwanza ni uongo niliomwambia fundi," alisema. "Tano ni ukweli. Nilitia mafuta ya difu kwenye giaboksi kwa kuwa yalikuwa ghali. Nne ya pili ndiyo iliyomo."

Mama Tanuri akasimama wima. Alimtazama tangu viatu hadi kofia, kisha akacheka hadi unga ukamdondoka usoni. "Wale watatu walisema barabara ndiyo mbovu," alisema. "Kesho saa kumi na moja alfajiri. Usichelewe, mikate haingoji."

Alipofika mtaani Bwana Bora alipita taratibu, kioo kimeshushwa. Mshona viatu alisimama ili aone mapajani pake, akakosa cha kuona, akaketi. Mkewe, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana, alikuwa amesimama langoni. Hakuuliza kitu. Aliitazama ile chaki, akamtazama mumewe usoni, akamfungulia lango, mabawa yote mawili.

Ukumbini mama yake alikuwa ameketi mezani tangu asubuhi. Mbele yake kulikuwa na sahani iliyooshwa, kisu, na kitambaa kilichokunjwa vizuri.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nimepata kazi, mama. Haikuvunjika."

Mama akaitazama sahani, kisha akamtazama mwanawe.

"Hata pembeni?"